Mzee Aliyeogopa Pengo

Wanaokuja mjini Kigali Desemba kutazama taa za mtaa wetu hudhani zimewekwa na serikali ya jiji. Si kosa lao. Kwenye mzunguko mkubwa wa barabara kule chini taa hulipiwa na makampuni, na kila kampuni huandika jina lake juu ya nyota yake ili usije ukamshukuru mwingine. Sisi hatuna jina juu ya nyota. Taa zetu ni nyuzi za balbu ndogo zinazopita juu ya milango ya jengo moja refu, kuanzia duka la viatu hadi duka la dawa. Nyuzi tulizinunua kwa kuchanga, zamani. Umeme hatuchangi. Kila duka huwasha kipande chake kutoka kwenye mita yake.

Hapo ndipo hofu yetu inapoanzia. Na kwa kuwa mzee ninayetaka kukusimulia habari zake aliijua hofu hiyo kuliko sisi sote, nivumilie kwanza nikueleze mambo yalivyo. Si magumu.

Mita zetu ni za kulipa kabla, watu huziita kashipawa. Unanunua umeme kwa simu, unaletewa tarakimu, unazibonyeza kwenye mita, umeme unaingia. Ukiisha, umeisha. Sasa fikiria umeisha jioni ya Desemba: kulia kunawaka, kushoto kunawaka, mbele ya duka lako peusi. Peusi hapo tunapaita pengo, kama la jino lililong'oka. Miezi mingine pengo halina maana. Desemba kila mpita njia analiona, na mwenye nyumba analiona pia.

Jengo lote ni la mtu mmoja, na mikataba yetu huisha pamoja na mwaka. Jioni moja kabla ya Noheli, hasemi ni ipi, mwenye nyumba huegesha gari lake chini, akapanda mtaa kwa miguu, mikono nyuma, akitazama juu. Sitakuambia kwamba ni mtu mbaya. Hesabu yake ni nyepesi: asiyeweza kuweka umeme wa taa Desemba, kodi ya Januari ataitoa wapi? Nje kuna watu wengi wanaongoja mlango. Kwa hiyo wakati watoto wa mitaa ya Niboye na Rebero wanapiga picha wakicheka chini ya nyota zetu, sisi tuliomo ndani tunatupia macho mita zetu kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Huyo mzee alikuwa jirani yangu wa mkono wa kushoto. Nasema alikuwa kwa sababu siku hizi anakaa kwa binti yake kule Busanza, kwa hiyo usianze kuhuzunika. Mimi nauza karatasi: madaftari, bahasha, na mwezi huu karatasi za kufungia zawadi. Yeye aliuza mapazia, na mtaa mzima tulimwita Mzee wa Mapazia. Alikuwa Mwislamu, na Desemba yetu haikuwa sikukuu yake, lakini sijaona mtu aliyejali taa za Noheli kama yeye. Tukimtania juu ya hilo alikuwa akisema, "Sikukuu ni yenu. Mtaa ni wangu pia."

Alikuwa mwoga. Sitafuti neno la kulainisha, maana mwenyewe hakulitafuta. Aliogopa lifti, akapanda ngazi za majengo mapya hadi magoti yakalia. Aliogopa vumbi lililolala juu ya mapazia, kwa sababu alisikia kwamba vumbi kavu huwaka. Alipenda udi, lakini dukani kwake hukusikia harufu yake. Aliufukiza nyumbani, akaja nao kwenye kanzu. Hakuruhusu birika la umeme, kwa hiyo chai yake aliletewa kutoka mgahawani, na kwa kuwa alipenda kwanza kuzunguka duka akigusa nyaya kwa mgongo wa kidole, aliinywa imeshapoa. Penye mlango aliweka ndoo ya mchanga. "Moto haupigi hodi," alisema, na kila tulipocheka alirudia, polepole zaidi, kama vile hatukusikia vizuri.

Hata mwenye nyumba, Mzee alimwogopa. Gari lile likionekana tu, Mzee alisimama, hata kama kodi yake ilikuwa imelipwa, hata kama gari lilikuwa linapita tu kwenda kwingine. Alisimama na kufunga kifungo cha juu cha kanzu.

Lakini kulikuwa na vitu ambavyo hakuviogopa, na nilichukua miaka kuvigundua. Hakuogopa kuchekwa. Hakuogopa pia kuingia duka la mtu bila kuitwa.

Siku yangu ya kwanza mtaani aliingia hivyo. Mimi nimekulia Tanzania, nikamwamkia kama nilivyofundishwa: "Shikamoo, Mzee." Alisimama ghafla, uso ukafunguka. Hapa Kigali salamu hiyo haisikiki mara nyingi.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana. Mita yako iko wapi?"

Nilidhani sikusikia. Nikamwonyesha. Akaisogelea, akaweka kiganja juu yake kuona kama ina joto, akainusa, akasoma namba iliyoandikwa chini midomo ikicheza, akaondoka. Muuza viatu, Mkongomani mwenye sauti kubwa, alikuwa anatazama kutoka nje.

"Mama Karatasi, usishtuke!" alinipigia kelele. "Huyu mzee anaogopaka hata kiberiti chenye kimelowa. Hata kwangu alinusa. Hata mita ya dawa alinusa!"

"Nicheke tu," Mzee alimjibu bila kugeuka. "Ukiungua utanikuta na mchanga."

Ni yeye aliyenieleza sheria za taa. Uweke umeme kabla ya magharibi, si baada. Usitegemee mtandao wa simu jioni, maana jioni watu wote wananunua. Na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: waya hauvuki mlango. Maana yake ni kwamba hakuna duka kuwasha taa za duka lingine kwa kuvuta waya wa kuunganisha. Sababu ni nzuri, nawe ukumbuke hata nyumbani kwako. Kiungio cha waya kikikaa nje kwenye mvua, maji yakaingia, kinaweza kupata moto pole pole bila mtu kuona, na juu yetu kuna dari la mbao. Kulikuwa na mwaka mfamasia alivuta waya hadi kwa jirani yake aliyeishiwa. Mzee alikaa chini ya kile kiungio jioni nzima, shingo juu, ndoo kati ya miguu, hata duka lake hakulihudumia. Mwisho wakakichomoa kwa kumhurumia.

Wakati mwingine niliona uoga wake unapita kiasi. Halafu nikaona kilichompata mwanamke wa saluni.

Alikuwa upande wa pili wa Mzee. Msichana mchapakazi, alisuka nywele akiimba. Desemba moja mwanawe aliugua, fedha zote zikaenda hospitali, na jioni ya siku mbaya mita yake ikanyamaza. Pengo likakaa pale katikati ya mtaa. Tuliliona wote. Tulijiambia mwenye nyumba hatakuja leo. Alikuja. Alisimama chini ya pale peusi, akatazama juu, akaendelea na safari yake bila neno lolote. Baada ya Bonane, yaani Mwaka Mpya, tulikuta kufuli jipya mlangoni, na msichana amekaa juu ya boksi la rola za nywele, ananyanyua macho kwa kila mpitaji kama anayetaka kuuliza njia.

Sasa anasuka Niboye, kwenye kibanda kidogo, na anaendelea vizuri. Najua kwa sababu Mzee alikuwa akienda kumsalimia kila mwezi, na siku moja nilimsindikiza. Njiani nilimwambia kwamba halikuwa kosa la mtu.

"Jioni ile namba yake ilinipotea," alisema.

Sikumwelewa. Wewe labda umeshamwelewa, lakini mimi nilikuwa nimemzoea Mzee, na mtu uliyemzoea humtazami vizuri.

Alikuwa na tabia ya kunong'ona. Saa za mchana wateja wakipungua, nilimsikia nyuma ya mapazia yake akisema maneno chini kwa chini, bila kusimama. Niliamini ni dua, nikawa napunguza sauti ya redio kwa heshima. Kumbe zilikuwa tarakimu.

Nilikuja kulijua hilo katika Desemba iliyokaa vibaya kwangu. Shule moja niliyoiuzia madaftari ilikuwa haijanilipa, na nilikuwa nimeweka kila kitu kwenye karatasi za zawadi ambazo hazikutoka. Mita ilianza kulia tangu mchana, ile sauti yake ya ndege mdogo, na taa nyekundu inapepesa. Nilijifanya siisikii. Nilipanga na kupangua bahasha. Kila mtu aliyepita nje mikono nyuma nilimwona ni mwenye nyumba. Mara Mzee akaingia.

"Nasikia harufu," alisema.

"Harufu ya nini, Mzee?"

"Sijui bado."

Akaenda moja kwa moja kwenye mita. Akaweka kiganja. Akanusa. Akatoa simu yake, akaileta karibu na macho, akaanza kubonyeza vitufe vya mita, akasimama, akatazama simu, akabonyeza tena.

"Mzee, unafanya nini hapo?"

"Naisikiliza."

Ile sauti ya ndege ikakatika. Duka likawa kimya hata nikasikia mvua ikianza nje.

"Umeifanya nini?"

"Mita ni kama mtoto, mwanangu. Ukimshika kichwa ananyamaza." Akakunja simu yake ndani ya kitambaa, akatoka akijikinga mvua kwa mkono.

Niliisogelea nikaisoma. Umeme uliokuwamo ulitosha kuvuka Noheli na siku zilizofuata. Nikakaa juu ya boksi la karatasi. Halafu nikaanza kukumbuka, moja baada ya nyingine, mara zote nilizomwona akiingia maduka ya watu Desemba na kile kipua chake mbele, na sisi nyuma tukicheka.

Ukiijua namba ya mita ya mtu, unaweza kumnunulia umeme bila kumwuliza. Mzee alikuwa ameziweka namba zetu zote kichwani, mtaa mzima, na saa za mchana alizirudia ili zisimpotee.

Nilimwambia muuza viatu. Alichukua kiatu kimoja, akakifuta, akakirudisha, akakichukua tena.

"Mwaka jana alinusa kwangu mara mbili," alisema hatimaye. "Na mimi nilimwita mbwa wa polisi."

Usidhani lakini kwamba uoga wake ulikuwa maigizo ya kuficha wema. Nami nilifikiri hivyo siku mbili tatu, nikamtazama nikitabasamu kama aliyemgundua mtu. Kisha fundi akaja kubadilisha balbu juu ya mlango wake, cheche moja ikaruka, na Mzee akapauka hadi midomo, akashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Aliogopa kweli. Nadhani aliijua hofu kwa ladha yake, na alipoiona kwenye uso wa mtu mwingine hakuweza kukaa.

Jioni moja familia ilisimama mbele yetu kupiga picha. Mtoto akamwuliza baba yake nani analipia taa hizi zote.

"Ni Leta," baba alijibu, yaani serikali, huku akitafuta pembe nzuri ya simu.

Muuza viatu alifungua mikono. "Leta ndiyo mimi hapa! Nisalimie basi, mutoto!"

"Mwache," Mzee akamzuia kwa sauti ya chini. "Akijua, ataona haya kupiga picha bure."

Tulicheka, naye akacheka. Lakini niliona macho yake yamekwenda juu, yanapita mlango kwa mlango, yanahesabu meno.

Kitu kimoja hatukukijua: namba ya Mzee mwenyewe. Mita ya Mzee ilikuwa ndani ya kabati dogo la mbao alilolitengenezesha mwenyewe, na kabati lilikuwa na kufuli. Kwa vumbi, alisema. Niliwahi kumwomba namba yake, nikijaribu kurudisha fadhila bila kuitaja. Alinitazama kwa upole, lakini mlango wa uso ulikuwa umefungwa.

"Anayeijua mita yako anazijua jioni zako," alisema. "Za kwangu niachie mwenyewe."

Yeye alizijua jioni zetu zote.

Nitamalizia na ile Desemba ya mwisho tuliyokaa naye mtaani. Miaka ya karibuni majengo mapya hayataki mapazia; wanataka vile vibao vya plastiki vinavyovutwa kwa kamba. Mzee alikuwa anauza pazia moja kwa wiki, wakati mwingine hakuna. Alianza kuchelewa kufika. Chai kutoka mgahawani ilikoma, naye akasema tumbo haliipendi tena. Niliona, na kila nilipotaka kusema kitu alinitangulia: "Biashara ni mawimbi, mwanangu. Uza karatasi zako."

Jioni moja jua lilikuwa limezama, anga bado ina wekundu kidogo, na mtaa ukawaka kipande kwa kipande kama kila siku. Viatu vikawaka. Duka la simu likawaka. Mimi nikawaka. Nilitoka kwenda kutazama, nikageuza shingo kushoto. Kwa Mzee palikuwa peusi.

Nilimkuta ndani, amekaa kati ya mapazia yake, mikono juu ya magoti.

"Mzee, mita?"

"Imelala."

"Nitajie namba. Nakununulia sasa hivi, simu hii hapa."

"Nenda dukani kwako."

"Mzee!"

"Nimesema nenda, mwanangu." Hakupaza sauti. Lakini gari lilipolia nje aliinua kichwa haraka, nami nikaelewa kwamba alikuwa amekaa hivyo muda mrefu, akisikiliza kila gari.

Muuza viatu akatokea mlangoni, pumzi juu. "Gari iko chini! Anapanda!"

Sikufikiri. Nilikimbia kwangu, nikachukua waya mrefu ninaotumia kwa mashine ya kudurufu. Muuza viatu alileta ngazi. Mzee alipotuona tunainua waya kuelekea mlango wake alisimama.

"Waya hauvuki mlango!"

"Leo unavuka," nilisema.

"Mvua imenyesha! Dari ni mbao! Mwanangu, teremka!"

Nilipanda. Ngazi ikayumba, kisha ikatulia, na nilipotazama chini nikaona ameishika yeye, kwa mikono yote miwili, amefumba macho. Nilifunga kiungio kwa utepe wa gundi, nikaminya. Taa zake zikawaka. Alifumbua macho, akazitazama kama mtu anayetazama nyoka, akaenda kuchukua ndoo ya mchanga na kuiweka chini ya kiungio.

Mwenye nyumba alipofika tulikuwa tumesimama watatu, tunahema.

"Mwiriwe," alitusalimu.

Tukaitikia. Mzee alifunga kifungo cha juu. Mwenye nyumba aliinua macho, akaufuata mtaa taratibu, akafika kwangu, akafika kwenye ule waya, akausindikiza kwa macho hadi mwisho wake.

"Huu unatoka wapi?"

Muuza viatu akawahi. "Patron, hii ni fasheni ya mwaka huu! Iko mzuri, ama?"

"Nimemwuliza Mzee."

Nilimwomba Mungu amwongoze Mzee kwenye uongo, hata mdogo. Lakini hakuwa na mazoea nao.

"Unatoka kwa jirani yangu," alisema. "Umeme wangu umeisha."

Mwenye nyumba aliinua tena macho kwenye taa za Mzee. Nilisikia mtoto akicheka mahali fulani, na kamera ya simu ikilia.

"Miaka yote hii sijakuona na giza, Mzee."

"Ni kweli."

"Nitapita tena kesho." Alinyoosha kidole kwenye waya. "Nataka kupaona bila huo mkia." Akaweka mikono nyuma, akaendelea kupanda.

Hakuna aliyesogea hadi alipopotea kule kwenye duka la dawa. Watu walikuwa wametoka milangoni: msichana wa simu, mfamasia, wengine. Mzee alijinyoosha kwa vidole vya miguu, akagusa kiungio kwa mgongo wa kidole, akanusa kidole hicho.

"Kichomoe," aliniambia. "Kinaanza kupata joto."

Nilikichomoa. Pengo likarudi, na sisi sote tukiwa tumesimama ndani yake. Kisha Mzee akaingia dukani, nikasikia kufuli likifunguka na mlango wa kabati ukilia. Hakutoka. Alisimama mbele ya mita yake, kiganja juu yake, mgongo kwetu, na akaanza kuisoma namba. Hakunong'ona kama alivyonong'ona za kwetu. Aliitoa kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara, tarakimu moja, halafu nyingine.

"Polepole, Mzee!" muuza viatu alipiga kelele, simu mkononi. "Rudia mwanzo!"

Akarudia mwanzo. Mtaa mzima ulikuwa ukiifuata kwa midomo, vidole kwenye simu. Sauti yake haikukwama hata mahali pamoja.